Barabara za zege: Historia ya karne mbili na somo lake kwa visiwa vya Ukerewe

Na Mwandishi Wetu, Nansio

MASIKA yanapoingia katika visiwa vya Ukerewe, swali la barabara huacha kuwa la wahandisi peke yao. Huwa swali la mama mjamzito anayetakiwa kufikishwa hospitali ya wilaya mjini Nansio, la mchuuzi wa dagaa anayewahi chombo cha kwenda Mwanza, na la mkulima ambaye mihogo yake imekwama shambani kwa sababu gari limeshindwa kupanda mlima wenye utelezi.

Wilaya ya Ukerewe, yenye makao makuu yake hapa Nansio, ina visiwa 38 ndani ya Ziwa Victoria. Kisiwa kikuu cha Ukerewe ndicho kikubwa kuliko vyote ziwani. Barabara nyingi za vijijini ni za udongo na changarawe, na kila mashine, pipa la lami au mfuko wa saruji unaohitajika kuzitengeneza lazima kwanza uvuke maji, ama kwa meli kutoka Mwanza au kwa kivuko cha Kisorya na Rugezi upande wa Bunda.

Kila panapojadiliwa namna ya kuzifanya barabara za aina hii zipitike mwaka mzima, neno zege hutajwa. Wapo wanaoliona kuwa ni anasa ya miji mikubwa, na wapo wanaolichukulia kuwa dawa ya kila ugonjwa. Historia ya ujenzi wa barabara za zege inaonyesha kwamba pande zote mbili zimekosea. Zege limefanikiwa pale ambapo maji na uzito vimeshinda vifaa vingine, lakini limefanikiwa kwa sharti kwamba kazi ifanywe kwa uangalifu tangu siku ya kwanza.

Zege ni nini?

Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Wengi hudhani kuwa zege hukauka kama tofali la udongo linavyokauka juani. Sivyo. Saruji huungana na maji kikemikali, na muungano huo ndio unaoyashika mawe na mchanga kuwa kitu kimoja. Kwa sababu hiyo zege linaweza kugandamana hata likiwa ndani ya maji, na kwa sababu hiyo hiyo huharibika likinyimwa maji mapema.

Tofauti yake na lami ipo katika namna ya kubeba uzito. Lami hunama kidogo gurudumu linapopita na kuupeleka uzito chini, hivyo nguvu ya barabara hutegemea zaidi tabaka za kifusi na udongo zilizo chini yake. Bamba la zege halinami kwa urahisi, bali huutandaza uzito kwenye eneo kubwa. Anayeshusha magunia ya dagaa mwaloni anaifahamu kanuni hiyo, kwani akipita moja kwa moja kwenye tope huzama, lakini akitandika ubao huvuka salama. Tope ni lile lile, ila uzito umesambazwa.

Kutoka chokaa hadi saruji

Maarifa ya kugandamanisha mawe ni ya kale. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano yaliyopatikana karibu na mji wa Pozzuoli, Italia, wakajenga bandari na majengo ambayo baadhi yake yamesimama hadi leo. Katika pwani yetu, mafundi wa Kilwa Kisiwani walichoma mawe ya matumbawe kupata chokaa na kujengea misikiti na majumba. Magofu yao yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981.

Chokaa cha kawaida, hata hivyo, kina udhaifu wake. Hugandamana polepole na hakifai mahali penye maji mengi. Kati ya mwaka 1756 na 1759, mhandisi John Smeaton wa Uingereza, aliyekuwa akijenga mnara wa taa wa Eddystone juu ya mwamba unaopigwa na mawimbi, aligundua kwamba chokaa kinachotokana na mawe yenye udongo wa mfinyanzi ndani yake hugandamana hata majini.

Ugunduzi huo ulifungua njia. Mwaka 1824 mwashi wa mji wa Leeds, Joseph Aspdin, alipata hataza ya kitu alichokiita saruji ya Portland, kwa kuwa rangi yake ilifanana na mawe mashuhuri ya kisiwa cha Portland. Bidhaa yake ilikuwa bado duni ikilinganishwa na saruji ya sasa, lakini jina lilibaki, na hadi leo viwanda vya Afrika Mashariki hulitumia.

Dhamana ya dola 5,000

Historia nyingi za barabara huutaja mji wa Inverness, Uskoti, kuwa miongoni mwa mahali pa kwanza palipojaribiwa zege kama tabaka la juu la njia, mwaka 1865. Lakini barabara ya zege iliyojenga jina kuliko zote za mwanzo ilikuwa katika mji mdogo wa Bellefontaine, jimbo la Ohio, Marekani.

Mwaka 1891, George Bartholomew aliuomba uongozi wa mji huo umruhusu kumwaga zege kwenye ukanda mwembamba wa Mtaa Mkuu. Mitaa ya mji ilikuwa ya udongo, na mvua iliponyesha ilikuwa tope tupu. Viongozi hawakuamini kwamba kitu kinachofanana na jiwe la kutengeneza kingestahimili kwato za farasi na magurudumu ya chuma ya mikokoteni.

Walimruhusu kwa masharti. Bartholomew alitoa vifaa kwa gharama zake na kuweka dhamana ya dola 5,000 kwamba kazi yake ingedumu kwa miaka mitano. Ilidumu. Kufikia mwaka 1893 mtaa mwingine wa mji huo, Court Avenue, ulijengwa kwa zege, na sehemu yake ingali inaonekana zaidi ya karne moja baadaye.

Magari ya injini yalipoanza kuenea, mahitaji yaliongezeka. Mwaka 1909 maili moja ya Woodward Avenue, karibu na Detroit, ilijengwa kwa zege. Wahandisi na wajenzi walisafiri kutoka mbali kwenda kuitazama. Nchini Ujerumani, barabara kuu mpya za miaka ya 1930 zilijengwa kwa sehemu kubwa kwa zege, na kipande cha kati ya Frankfurt na Darmstadt kilifunguliwa mwaka 1935. Mwaka 1949 jimbo la Iowa, Marekani, lilijenga barabara kwa mashine inayolisukuma na kulisawazisha zege bila kuhitaji mbao za pembeni, jambo lililoongeza kasi ya kazi.

Malori yaliyofundisha somo

Swali la kipi ni bora kati ya lami na zege halikuachwa kwa wauzaji wa vifaa. Katika jimbo la Illinois, kati ya mwaka 1922 na 1923, malori yalipitishwa mara nyingi juu ya vipande vya barabara vilivyojengwa kwa vifaa mbalimbali ili kuona kipi kingevunjika kwanza. Jaribio kubwa zaidi lilifanyika karibu na mji wa Ottawa, katika jimbo hilo hilo, kati ya mwaka 1958 na 1960.

Matokeo ya jaribio hilo la pili ndiyo msingi wa sheria za mizani tunazozijua. Ilibainika kwamba uharibifu wa barabara hauongezeki sambamba na uzito, bali kwa kasi kubwa zaidi. Uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu huongezeka kwa takriban mara 16. Lori moja lililozidisha mzigo linaweza, kwa hiyo, kuidhuru barabara kuliko msururu mrefu wa magari madogo.

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, imejengwa juu ya mantiki hiyo.

Kwa nini tulichagua lami

Katika Tanganyika ya ukoloni, barabara haikuwa kipaumbele cha kwanza cha usafirishaji. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na mazao ya kanda ya ziwa, pamba ikiwamo, yalisafirishwa kwa vyombo vya majini na kwa treni. Barabara zilikuwa za kulisha reli na bandari, na nyingi zilikuwa za udongo.

Saruji nayo ilitoka nje. Kampuni ya East African Portland Cement iliundwa nchini Kenya mwaka 1933, na kiwanda cha Bamburi, Mombasa, kilianza uzalishaji mwaka 1954. Tanzania ilipata kiwanda chake cha kwanza mwaka 1966, pale Wazo Hill, Dar es Salaam. Cha Tanga kilifuata mwaka 1980, kisha cha Mbeya. Kwa hiyo, wakati nchi ikianza kujenga barabara kuu baada ya Uhuru, saruji ilikuwa chache na ilihitajika kwa nyumba, shule na madaraja. Lami ndiyo iliyotumika, ikiwamo kwenye barabara ya kwenda Zambia iliyokamilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Uamuzi huo ulikuwa na hoja. Gharama ya kuanzia ya lami kwa kawaida huwa ndogo, ujenzi ni wa haraka, na gari linaweza kupita muda mfupi baada ya kazi. Lakini lami hutokana na mafuta ghafi, na Tanzania huiagiza kutoka nje. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, bei ya lami nayo ilipanda. Aidha, lami inahitaji matengenezo ya mara kwa mara. Ufa mdogo usipozibwa, maji huingia, na msimu mmoja wa mvua hutosha kuugeuza kuwa shimo.

Tanzania yalirejea zege

Hali ilianza kubadilika katika karne hii. Jijini Nairobi, Mbagathi Way ilijengwa kwa zege katika miaka ya 2000 na kuwa mfano uliozungumzwa sana. Jijini Dar es Salaam, njia za mabasi yaendayo haraka za awamu ya kwanza, zenye urefu wa kilomita 20.9, zilijengwa kwa zege na huduma ikaanza Mei 2016. Sababu yake inaeleweka. Basi zito linalosimama na kuondoka mahali pale pale mara mamia kwa siku huisukuma lami iliyolainishwa na jua hadi ikajikunja, lakini zege halilainiki kwa joto.

Mfano unaoihusu zaidi Ukerewe, hata hivyo, haukutoka jijini. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 yalifanyika majaribio kwenye barabara mbili za vijijini, Bago hadi Talawanda wilayani Bagamoyo, na Lawate hadi Kibongoto wilayani Siha, Kilimanjaro. Ile ya Siha hupita kwenye miinuko mikali yenye udongo mwekundu unaoteleza. Miongoni mwa mbinu zilizojaribiwa ni kujenga mikanda miwili ya zege, kila mmoja kwa ajili ya magurudumu ya upande mmoja, badala ya kufunika upana wote wa njia.

Wazo la mikanda miwili lenyewe si geni barani Afrika. Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe, ilijenga barabara nyingi za mikanda, hasa ya lami, katika miaka ya 1930 wakati fedha zilipokuwa haba.

Mwaka 2016 Tanzania ilitoa mwongozo wake wa barabara zenye magari machache, na Julai 2017 ulianzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ambao ndio wenye dhamana ya barabara za wilaya. Msingi wa fikra hiyo mpya ni kwamba si lazima barabara yote iwe ya aina moja. Sehemu tambarare inaweza kubaki ya changarawe, huku mlima, bonde la maji na eneo la soko vikipewa tabaka imara zaidi.

Hesabu ya kisiwa

Tuchukue mfano. Barabara yenye upana wa mita 5.5, ikifunikwa yote kwa bamba la unene wa sentimita 20, huhitaji mita za ujazo 110 za zege kwa kila mita 100. Kwa kiwango cha kilo 350 za saruji katika kila mita ya ujazo, hiyo ni mifuko 770 ya kilo 50. Kwa kilomita nzima, ni mifuko 7,700, yaani tani 385, ambazo ni safari 55 za lori la tani saba kupitia kivukoni.

Mikanda miwili yenye upana wa mita moja kila mmoja, kwa unene huo huo, huhitaji mita za ujazo 40 kwa mita 100. Hiyo ni mifuko 280, na kwa kilomita moja ni mifuko 2,800, yaani tani 140 na safari 20. Saruji imepungua kwa karibu theluthi mbili. Na kama tatizo ni mlima wenye urefu wa mita 200 tu, mifuko 560 inatosha kwa mikanda hiyo, badala ya kungoja bajeti ya kilomita nzima.

Hoja ya uvushaji si ya kupuuzwa. Wilaya hii haitasahau Septemba 20, 2018, kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na Bwisya, kisiwani Ukara, na kuua watu 228. Hakuna barabara inayostahili kujengwa kwa mzigo uliozidishwa juu ya maji, hivyo mpango wowote wa zege visiwani lazima uanze na ratiba salama ya kuvusha saruji.

Upande wa faida, Ukerewe ina mawe ya granite, kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya Mwanza, na ina nguvu kazi. Kupasua kokoto, kuandaa fomu za mbao, kuchanganya na kumwagilia ni kazi zinazoweza kufanywa na wanakijiji wakilipwa ujira. Mikanda haihitaji mtambo wa kuchemshia lami wala mashine kubwa ya kutandazia. Fedha ambayo ingelipia mitambo kuvuka ziwa inaweza kubaki kijijini.

Mahali zege linaposhindwa

Ukweli wa upande wa pili nao lazima usemwe. Zege si mkombozi wa msingi mbovu. Maji yakipenya chini ya bamba na kuzoa udongo, bamba hubaki likielea na gari zito likipita hupasuka. Shimo la lami huzibwa kwa siku moja, lakini bamba la zege lililovunjika hulazimu kukatwa, kuondolewa na kumwagwa upya. Kwa hiyo mitaro na makaravati hutangulia, na zege hufuata.

Lipo pia suala la nyufa. Zege husinyaa linapogandamana, na hutanuka na kusinyaa kwa joto la mchana na ubaridi wa usiku. Lisipokatiwa maungio kila baada ya mita nne au tano hivi, litajichagulia lenyewe mahali pa kupasuka. Maungio nayo yasipozibwa, huwa mlango wa maji.

Maji ya kuchanganyia ni mtego mwingine. Fundi aliyechoka huongeza maji ili zege liwe jepesi kumwagika, lakini kila ndoo ya ziada huacha vitundu na kupunguza nguvu. Mchanga wenye udongo huzuia saruji kushika mawe. Tena mchanga hauwezi kuchotwa popote ufukweni, kwa kuwa baadhi ya maeneo ni mazalia ya samaki, na kuyaharibu ni kuuza riziki ya mvuvi ili kumtengenezea barabara.

Ziwa lenyewe hubadilika. Kina chake kilipanda sana kuanzia mwaka 1961 hadi 1964, na kilipanda tena kwa viwango vikubwa mwaka 2020 na 2024, maji yakafunika mialo na maeneo ya gati. Barabara ya zege iliyojengwa chini ya kimo hicho itabaki imara, lakini itakuwa chini ya maji. Jijini Dar es Salaam, uimara wa zege haukuizuia karakana ya mabasi ya Jangwani kuingiliwa na mafuriko.

Mwisho ni gharama kwa mazingira. Uzalishaji wa saruji hukadiriwa kuchangia asilimia saba hadi nane ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Ni sababu nyingine ya kulitumia zege pale tu linapohitajika.

Siku 28 za kuangalia

Nguvu ya zege kwa kawaida hupimwa likiwa na siku 28. Katika siku saba za kwanza, angalau, linatakiwa kufunikwa kwa magunia, mchanga au karatasi za nailoni na kumwagiliwa lisipoteze maji kwa jua na upepo wa ziwani. Ni kazi isiyohitaji shahada, lakini ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa sababu mjenzi huwa ameshahamia kipande kingine. Wiki hiyo ndiyo inayoamua iwapo barabara itadumu miaka mitatu au 30.

Hapo ndipo historia ya Bellefontaine inapokuwa na maana kwa Nansio. Viongozi wa mji ule hawakuwa wataalamu wa saruji. Walichofanya ni kudai dhamana ya miaka mitano kwa maandishi, na kungoja kuona. Katika mikataba mingi ya hapa nchini, kipindi ambacho mkandarasi huwajibika kwa kasoro ni mwaka mmoja, muda ambao hata kazi mbaya inaweza kuonekana njema.

Mwananchi wa Ukerewe anayeona zege likimwagwa mbele ya nyumba yake ana maswali manne ya kuuliza, na yote yako ndani ya uwezo wake. Je, mitaro imechimbwa kwanza? Je, mchanga na kokoto ni safi? Je, maungio yako wapi? Na je, nani atamwagilia maji kesho asubuhi, na keshokutwa, hadi siku ya saba? Mjumbe wa serikali ya kijiji anaweza kuyaandika majibu katika daftari pamoja na tarehe. Kasoro zikijitokeza baadaye, daftari hilo litaonyesha kazi ilifanywaje na nani alikuwepo.